Malezi ya Mtoto Mdogo: Usafi, Upole na Kujitegemea

Katika Sura An-Nahl Mwenyezi Mungu anatukumbusha ya kwamba alitutoa matumboni mwa mama zetu hali hatujui lolote, kisha akatupa masikio na macho na nyoyo ili tupate kushukuru. Neno hili lamhusu mfalme na maskini, mwanachuoni na mjinga. Hakuna mtu aliyezaliwa akijua kuoga, kuvaa nguo, kushika kikombe wala kuzuia haja yake. Kila mmoja wetu alibebwa, akapanguswa, akafuliwa nguo zake usiku na mchana, na mtu mwingine akavumilia harufu na uchovu kwa ajili yake mpaka alipoweza kujisimamia. Mwenye kujivuna leo na azikumbuke siku zile.

Katika makala hii twataka kueleza jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni namna ya kumfundisha mtoto aliye kati ya umri wa mwaka 1 na miaka 4 kwenda choo, kunawa, kuvaa, kula na kufanya kazi ndogo ndogo za nyumbani kwa mikono yake mwenyewe. Insha Allah tutaonyesha kwamba jambo hili limo ndani ya dini, kwamba lahitaji upole wala si fimbo, na kwamba faida yake haiishi kwenye nguo kavu, bali humtengeneza mtu mwenye haya, msema kweli, ajuaye kubeba wajibu wake mbele ya Mola wake.

JE, DINI YAHUSIKA NA MAMBO YA CHOONI?

Watu wanaoichunguza dini ya Kiislamu mara nyingine huuliza kwa mshangao: Je, dini itokayo mbinguni yawezaje kushughulika na mambo madogo kama haya? Swali hili si jipya. Washirikina walimwambia Salman Mfursi r.a. kwa kejeli kwamba Mtume wenu huwafundisheni kila kitu, hata namna ya kwenda haja. Salman hakuona haya wala hakukasirika. Alikubali kwamba ndivyo ilivyo, kisha akaanza kuyataja mafundisho yenyewe: kutoelekea Kibla wakati wa haja, kutojisafisha kwa mkono wa kuume, na mengineyo.

Jibu la Salman lina hekima kubwa. Dini isiyomfuata mtu mpaka pale anapokuwa peke yake, mlango umefungwa, haiwezi kumbadilisha. Sala tano zategemea udhu, na udhu wategemea mwili na nguo zilizo safi. Katika Sura Al-Baqara Mwenyezi Mungu ametaja pamoja watu wawili anaowapenda: wale watubiao na wale wajitakasao. Mtume Mtukufu s.a.w. aliuita usafi kuwa nusu ya imani. Na alipopita penye makaburi mawili alieleza kwamba mmoja wa waliozikwa pale alikuwa katika adhabu kwa sababu hakujikinga na mkojo wake.

Ikiwa ndivyo, basi ni nani mwalimu wa kwanza wa twahara? Si shekhe msikitini, wala si mwalimu wa madrasa. Ni yule mama, au baba, au bibi, anayemkalisha mtoto juu ya poti asubuhi na kumngojea. Kabla mtoto hajajua jina la Sala hata moja, tayari amekwisha kuanza kujifunza kwamba kuna kilicho safi na kuna kilicho najisi, kwamba kuna mahali pa kila jambo, na kwamba mkono huu ni wa kulia chakula na huu ni wa kujisafishia. Huo ndio msingi ambao udhu utajengwa juu yake baadaye.

MFANO WA BEDUI MSIKITINI

Tukitaka kujua namna ya kumfundisha asiyejua, tuitazame habari iliyomo katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim. Siku moja Bedui mmoja, mtu wa jangwani asiyezijua adabu za ibada, aliingia katika msikiti wa Mtume s.a.w. mjini Madina na kukojoa humo humo msikitini. Masahaba walighadhibika, wakamwinukia. Mtume s.a.w. akawaamuru wamwache, wasimkatize mpaka amalize. Kisha akaagiza ndoo ya maji, ikamwagwa mahali pale. Akamwita yule mtu na kumweleza kwamba misikiti haifai kwa mkojo wala uchafu, kwani imewekwa kwa ajili ya kumkumbuka Mwenyezi Mungu, kusali na kusoma Kurani. Na masahaba wake akawakumbusha kwamba wametumwa kurahisisha mambo, hawakutumwa kuyafanya kuwa magumu.

Fikirini vizuri, ndugu wasomaji. Hapa pana mafunzo manne. Kwanza, Mtume s.a.w. hakuruhusu mtu akatizwe katikati ya haja yake, maana kufanya hivyo humdhuru mwili na pia huueneza uchafu mahali pengi zaidi. Pili, uchafu uliondolewa kwa maji, haukuondolewa kwa makelele. Tatu, mafundisho yalikuja baada ya jambo kwisha, nayo yalikuwa maneno machache yenye sababu ndani yake. Nne, na hili ndilo la ajabu, waliopewa onyo siku ile walikuwa wale waliokasirika. Yule aliyekojoa alielimishwa tu.

Sasa, ikiwa mtu mzima aliyeikosea heshima nyumba ya Mungu alitendewa hivyo, je, mtoto wa miaka 2 aliyelowanisha mkeka wa sebuleni anastahili kofi? Ummu Qais binti Mihsan r.a. alimleta kwa Mtume s.a.w. mwanawe mchanga ambaye bado hajaanza kula chakula. Mtume s.a.w. akamweka mapajani, naye mtoto akamkojolea nguoni. Mtume s.a.w. aliagiza maji, akainyunyizia nguo yake, na jambo likaishia hapo. Hakumsukuma mtoto wala hakumwaibisha mama yake mbele ya watu.

WAKATI GANI MTOTO AANZE?

Mwisho wa Sura Al-Baqara twafundishwa kwamba Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi yoyote ila kwa kadiri ya uwezo wake. Mzazi naye apaswa kuifuata kanuni hiyo. Kuzuia haja si jambo la utii tu. Ni kazi ya neva na misuli ambayo hukomaa polepole. Mtoto asiyeweza bado hawezi, hata akipigwa.

Wataalamu wametofautiana juu ya wakati wa kuanza. Daktari T. Berry Brazelton wa Marekani alitangaza mwaka 1962 habari za watoto 1,170 ambao wazazi wao walishauriwa kungojea dalili za mtoto mwenyewe. Kwa wastani watoto hao waliweza kukaa wakavu mchana walipofikia kama miezi 28 na nusu. Ushauri huu umeenea sana duniani, na wazazi wengi huanza mtoto akiwa kati ya miezi 18 na miaka 2 na nusu.

Lakini mwaka 1977 watafiti Marten deVries na M. Rachel deVries walieleza katika jarida lile lile la madaktari wa watoto, Pediatrics, habari za Wadigo wa pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Waliona kwamba mama wa Kidigo huanza mtoto angali na wiki chache tu. Hukaa chini akainyosha miguu yake, akamweka mtoto katikati ya miguu hiyo akitazama mbele, kisha akatoa sauti ya kuita mkojo. Mtoto akikojoa, hunyonyeshwa na kupapaswa. Hurudia hivyo mara nyingi, mchana na usiku, na mtoto anapofikia miezi mitano au sita huwa mkavu kwa kiasi kikubwa. Madaktari wa Ulaya na Marekani waliodhani kwamba jambo hilo haliwezekani walipata somo kutoka kwa mama wasiosoma vitabu vyao.

Je, nani yu sawa? Kwa maoni yetu njia zote mbili zapatana katika jambo lililo kubwa. Katika zote mzazi humtazama mtoto sana mpaka akazijua ishara zake, na katika zote mtoto huongozwa kwa mapenzi. Tofauti yake ni hii: katika njia ya Kidigo mama huibeba kazi karibu yote kwa kuwa yupo na mtoto saa zote, na katika njia ya pili hungojewa mpaka mtoto aweze kuibeba sehemu yake. Mama akaaye na mtoto mgongoni siku nzima aweza kuifuata ya kwanza. Mama aendaye kazini na kumwacha mtoto kwa mlezi huenda akaifuata ya pili, nayo haina aibu yoyote.

Dalili zenyewe ni nyepesi kuzijua. Mtoto hukaa mkavu kwa muda wa saa moja na nusu au mbili. Haja kubwa humjia kwa nyakati zinazofanana. Huchutama kando, hujificha nyuma ya mlango, au huushika winda wake akionyesha kwamba ameloa. Aelewa maagizo mepesi kama vile lete kikombe, na apenda kuwaiga wakubwa. Mzazi akiyaona haya, wakati umefika. Siku hizi nepi za kutupa hunyonya mkojo hata mtoto asiusikie unyevu, na kwa hiyo wengine huchelewa kujitambua. Yafaa mtoto wa namna hiyo avuliwe nepi saa chache kila siku, avae kaptula nyepesi tu, ili ajue kwa mwili wake mwenyewe tofauti ya kuloa na kukauka.

NAMNA YA KUFUNDISHA

Khalifa wa Pili wa Masihi Aliyeahidiwa, Hadhrat Mirza Bashiruddin Mahmud Ahmad r.a., katika hotuba yake ya mwaka 1925 iitwayo Minhajut Talibin, alipoeleza malezi ya watoto alianza na mambo haya haya ambayo wengi huyaona madogo: mtoto awekwe safi, alishwe kwa wakati maalumu, na azoezwe kwenda haja kwa wakati maalumu. Alionyesha kwamba mazoea ya mwili huifikia roho. Mtoto aliyezoea kungojea wakati wa chakula amejifunza kuitawala tamaa yake, na aliyezoea nyakati za haja amejifunza utaratibu utakaomsaidia kuzishika nyakati za Sala.

Basi mtoto akalishwe kwenye poti kwa nyakati zile zile: akiamka, baada ya chakula, kabla ya kuoga na kabla ya kulala. Dakika tatu au nne zatosha. Asilazimishwe kukaa mpaka alie, kwani akichukia mahali pale atajizuia, na choo kikizuiwa hukauka na kumwumiza, na akishaumia huzidi kuogopa. Apewe maji ya kutosha na matunda kama papai ili choo kiwe laini.

Nyumbani penye choo cha shimo, tukumbuke kwamba tundu lile ni la kutisha kwa mtoto mdogo, na hatari yenyewe ni ya kweli. Asipelekwe peke yake. Atumie poti, kisha kinyesi kitupwe chooni na poti lioshwe. Wako watu wasemao kwamba kinyesi cha mtoto hakina dhara, nao hukitupa uani au jalalani. Hilo ni kosa kubwa. Kinyesi cha mtoto chaweza kubeba vijidudu vya kuhara kama cha mtu mzima, na kuhara ni mojawapo ya magonjwa yanayoua watoto wengi wadogo duniani.

Afundishwe kuchamba kwa maji, kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni mzazi humwosha. Baadaye mzazi humiminia maji na mtoto hujiosha. Mwishowe mtoto hushika kopo mwenyewe. Mtoto wa kike azoezwe kujiosha kutoka mbele kwenda nyuma, ili uchafu usiingie mahali pa mkojo ukamletea maradhi. Kisha wote wanawe mikono kwa sabuni, mzazi pamoja na mtoto, maana mtoto huiga lile alionalo kuliko lile asikialo.

Ni vema pia mzazi aitamke dua ya kuingia chooni kwa sauti mlangoni kabla hawajaingia, na aingie kwa mguu wa kushoto na kutoka kwa mguu wa kuume. Mtoto hataelewa maana yake siku ile. Lakini maneno hayo yataingia pamoja na sauti ya mama yake, na yatakapohitajika atayakuta moyoni.

Hapa pia ndipo haya na hifadhi huanza. Katika Sura An-Nur watoto ambao hawajabaleghe wameamrishwa kuomba ruhusa katika nyakati tatu za faragha: kabla ya Sala ya alfajiri, wakati wa mchana watu wapunguzapo nguo, na baada ya Sala ya Isha. Mtoto mdogo na aambiwe kwa maneno mepesi kwamba sehemu zake za siri huoshwa na mama au mlezi wake tu, kwamba mtu mwingine asizishike, na kwamba akishikwa aje aseme bila kuogopa. Mtoto azoeaye kusikilizwa kwa upole katika mambo ya chooni ndiye atakayekuwa na ujasiri wa kusema jambo zito likimpata.

MIKONO YAKE MWENYEWE

Wako wazazi wenye huruma nyingi ambao humfanyia mtoto kila kitu. Humlisha hali aweza kula, humvisha hali aweza kuvaa, humbeba hali aweza kutembea. Wadhani ni mapenzi, au hawana subira ya kumngojea. Lakini Mwenyezi Mungu hakumpa mtoto mikono ili ikae bure.

Umar bin Abi Salama r.a. alilelewa katika nyumba ya Mtume s.a.w. Alikuwa mtoto, na mkono wake ulitangatanga katika sinia. Mtume s.a.w. hakumpokonya chakula wala hakuanza kumlisha yeye. Alimfundisha mambo matatu tu: alitaje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kuume, na ale kilicho mbele yake. Umar alisema alipokuwa mtu mzima kwamba tangu siku ile hakula ila kwa namna hiyo. Fundisho fupi la upole, alilotolewa mtoto akiwa anafanya jambo kwa mkono wake, likadumu umri mzima.

Na Ibn Abbas r.a., angali kijana mdogo, siku moja alimwona Mtume s.a.w. akienda haja, naye akaenda akamwekea maji ya kujitakasia. Mtume s.a.w. alipotoka aliuliza ni nani aliyeyaweka. Alipoambiwa, alimwombea kijana yule kwa Mwenyezi Mungu apewe ufahamu wa dini. Dua ile ilijibiwa, na Ibn Abbas akawa mmoja wa wafasiri wakubwa wa Kurani Tukufu. Tazameni! Mlango wa elimu kubwa hiyo ulifunguliwa na chombo cha maji kilichowekwa karibu na choo na mtoto ambaye hakuna aliyemtuma.

Wataalamu wa malezi nao wamekuja kuishuhudia kweli hii kwa njia yao. Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua nyumba yake ya watoto mwaka 1907 katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo mjini Rome. Aliwatengenezea watoto meza na viti vya kimo chao, akawapa beseni za kunawia, mafagio madogo, na vitambaa vyenye vifungo vya kujizoeza kufunga na kufungua. Aliona kwamba watoto waliodhaniwa kuwa wakorofi walitulia na kufurahi walipopewa kazi ya kweli ya kufanya na muda wa kuimaliza.

Hayo hayahitaji mali. Msumari mmoja upigwe ukutani kwa kimo cha mtoto ili atundike taulo yake. Kikombe kidogo kiwekwe mahali anapofika. Kaptula iwe na mpira kiunoni ili aishushe mwenyewe haja inapombana. Kandambili zake zikae mahali pamoja, naye ajifunze kutanguliza mguu wa kuume. Aruhusiwe kuchambua mchele kidogo pembeni mwa sinia, kukunja kanga pamoja na bibi yake, kupeleka kikombe cha maji kwa babu yake, na kutandika mswala wa baba yake. Atamwaga maji, naam. Apewe kitambaa afute. Atavaa kaptula nyuma mbele. Aachwe, na kesho aonyeshwe. Haba na haba hujaza kibaba.

FIMBO NA AIBU

Sasa twafikia jambo linalotuhuzunisha. Katika nyumba nyingi mtoto akijikojolea hupigwa. Akikojoa kitandani huitwa kikojozi mbele ya wenzake, huimbiwa na watoto wa mtaani, na mahali pengine hubebeshwa godoro lake na kupitishwa mbele za watu. Wafanyao haya hudhani wanamfundisha usafi.

Yafaa ijulikane kwamba kukauka usiku huja baada ya kukauka mchana, wala hakuji kwa amri. Mtoto aliyelala hajui kwamba anakojoa. Watoto wengi wa miaka 5, na baadhi ya wenye miaka 7 au zaidi, bado hulowanisha kitanda, hasa wa kiume, na mara nyingi mzazi mmojawapo naye alikuwa hivyo utotoni. Na mtoto aliyekwisha kuwa mkavu akianza kujikojolea tena, tuulize kwanza limempata nini: amezaliwa mdogo wake? Mmehama? Anaogopa kitu? Asikia uchungu akikojoa, au anywa maji kupita kiasi na kukonda? Mwenye dalili hizi za mwisho apelekwe kwa daktari bila kuchelewa.

Lakini madhara makubwa zaidi ya fimbo yamo rohoni. Mtoto aliyepigwa kwa sababu ya nguo iliyoloa hajifunzi kuacha kuloa. Hujifunza kuificha nguo. Huisukuma chini ya kitanda, na akiulizwa husema si mimi, ni mdogo wangu. Ndivyo uongo wa kwanza unavyozaliwa nyumbani mwa watu wasali, na aliyeuzaa ni mzazi mwenyewe. Tulitaka kuondoa najisi ya nguo, tukaingiza najisi ya ulimi. Ya kwanza huondoka kwa kata moja ya maji. Ya pili, je, twaijua dawa yake?

Masihi Aliyeahidiwa a.s. alichukizwa mno na tabia ya kuwapiga watoto. Aliifananisha na aina ya shirki, kwa kuwa mpigaji mwenye hasira ni kana kwamba ajifanya mshirika wa Mungu katika kulea na kuongoza. Aliwahimiza wazazi juhudi ile wanayoitumia katika kuadhibu waitumie katika kuwaombea watoto wao dua kwa uchungu. Naye Anas bin Malik r.a., aliyemtumikia Mtume s.a.w. kwa miaka 10 tangu utotoni, ameshuhudia kwamba hakuambiwa hata neno moja la kuchukizwa, wala hakuulizwa kwa ukali kwa nini alifanya hili au hakufanya lile. Hata Sala, iliyo nguzo ya dini, mtoto haamrishwi mpaka afikie miaka 7. Je, sisi twadai kwa poti ukali ambao Sheria haikuudai kwa Sala?

Wengine watasema: mcha mwana kulia hulia yeye, na mtoto asiyeadhibiwa huharibika. Twajibu kwamba upole si ulegevu. Mtume s.a.w. alipomwona mjukuu wake Hasan r.a., mtoto mdogo, ametia mdomoni tende ya sadaka, hakumwachia aile. Alimtamkia kwa lugha ya watoto neno la kumfanya aiteme, kisha akamweleza sababu. Tende ilitoka mdomoni, na mtoto hakupigwa. Huo ndio ulezi wa Kiislamu: sharti libaki sharti, na mkono ubaki laini. Mtoto aliyelowanisha sakafu na aletewe kitambaa afute pamoja na mama yake, avue nguo iliyoloa mwenyewe na kuitia katika beseni. Atakuwa amejifunza kwamba kosa lina matengenezo, na kwamba mtengenezaji ni yeye. Je, hii siyo maana ya toba, ambayo Sura Al-Baqara imeitaja bega kwa bega na usafi?

NASAHA KWA NDUGU WALIOINGIA KARIBUNI

Twamalizia kwa neno kwa ndugu zetu waliosilimu karibuni, na kwa wale wanaoichunguza dini hii. Huenda nanyi mlikuwa watu wazima mlipofundishwa kuchamba kwa maji, kutia udhu na kula kwa mkono wa kuume, na huenda mliona haya. Msione. Bedui yule aliyekosea msikitini hakufukuzwa. Ndugu mgeni katika dini na mtoto mgeni katika dunia wako katika darasa moja, na mwalimu wao ni upole. Katika Sura Aali Imran Mwenyezi Mungu amesema juu ya Mtume s.a.w. kwamba ni kwa rehema itokayo kwake ndipo alipokuwa laini kwa watu, na lau angalikuwa mkali mwenye moyo mgumu, wangalitawanyika wakamwacha. Neno hili ni la kweli msikitini, na ni la kweli jikoni, na ni la kweli chooni. Mtoto naye hutawanyika akaenda mbali na mzazi mkali, ijapokuwa mwili wake bado walala nyumba ile ile.

Nanyi mna nafasi njema kuliko wengine. Mnachojifunza leo, fundisheneni pamoja na watoto wenu. Baba anayejifunza udhu na mtoto wa miaka 3 wasimame penye ndoo moja. Mtoto atakosea, na baba atakosea, na wote wawili watarudia.

Basi usiku wa leo mtoto akilowanisha kitanda, mzazi na ainuke kimya, ambadilishe nguo, aigeuze shuka, amrudishe kulala, na kabla hajalala yeye mwenyewe amwombee mtoto yule. Huenda dua ile ya usiku, itokayo kwa mtu mwenye usingizi na mikono iliyolowa, ikawa na thamani kubwa mbele ya Yule asiyesinzia wala halali.

Mwenyezi Mungu azitakase nguo zetu na ndimi zetu na nyoyo zetu, atusamehe ukali tuliowafanyia wadogo wetu, na awajaalie watoto wetu kuwa tulizo la macho yetu na watu wa kujitegemea wasiomtegemea ila Yeye. Amin.